Chaja za ng'ambo zaungua Kibirichia, sheria yabaki kimya

MPWA wangu ni seremala katika soko la Kibirichia, eneo la Buuri, Kaunti ya Meru. Hutengeneza vitanda, milango na, msimu wa viazi unapokuwa mzuri, makochi ya wakulima waliouza vyema. Shangazi yake anayeishi Marekani alimtumia keekee ya umeme isiyo na waya, betri mbili na chaja yake. Kijana alifurahi mno. Plagi ya chaja hiyo ilikuwa na meno mawili bapa yasiyoingia katika soketi zetu, hivyo akanunua adapta dukani, akaichomeka ukutani na kuwasha swichi. Kulisikika mlio kama wa ganda la njugu likivunjwa, moshi wenye harufu kali ukafuka, na shughuli ikaishia hapo. Keekee ilikuwa nzima, na betri zilikuwa nzima. Hata hivyo, betri isiyoweza kutiwa moto ni kipande cha plastiki kizito tu.

Fundi wa redio na simu tuliyempelekea chaja hiyo hakuuliza maswali mengi. Aliigeuza, akasoma maandishi madogo yaliyo mgongoni, kisha akavuta sanduku la katoni kutoka chini ya meza yake. Ndani mlikuwa na chaja nyingine kadhaa, za keekee, za misumeno na hata za mashine za kunyolea, zote zikiwa zimekufa kwa ugonjwa ule ule.

"Mzee, hizi zote zimekuja na watu kutoka majuu," alisema. "Zimeandikwa 120. Ukuta wetu ni 240."

Kuna wanaoweza kuona kwamba jambo hili ni dogo mno kujadiliwa katika ukurasa wa uchambuzi. Mwandishi huyu anaona kinyume. Kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilitoka Marekani. Hizo ni fedha zilizopita benki na simu. Vifaa vinavyosafiri ndani ya masanduku ya nguo na mapipa ya plastiki havimo katika hesabu hiyo, na haielekei kuna afisa yeyote anayevihesabu. Vikifika huku hukutana na mfumo wa stima ambao havikuundiwa, katika nchi ambayo sheria zake zinajua jinsi ya kuvizika lakini hazijui jinsi ya kuvifufua.

Tuanze na ukuta wenyewe. Stima inayouzwa humu nchini ni ya volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani na Canada hutumia volti 120 na mizunguko 60. Japani hutumia volti 100. Tofauti hizi ni mabaki ya historia. Thomas Edison alipoanza kuuza umeme jijini New York mnamo 1882, alichagua kiwango cha karibu volti 110 kilichofaa taa zake. Kabla ya karne ile kwisha, Berlin ilianza kuhamia volti 220, kwa kuwa waya ule ule wa shaba hubeba nguvu nyingi zaidi volti zikiongezwa maradufu. Wamarekani walikuwa tayari na wateja wengi na taa nyingi, nao wakabaki walipokuwa. Uingereza ilitulia kwenye volti 240, ikaturithisha kiwango hicho pamoja na plagi ya meno matatu manene ambayo yenyewe iliidhinisha mwaka wa 1947.

Plagi hiyo ina hekima yake. Matundu mawili ya chini ya soketi hufunikwa na kizuizi ambacho hufunguka tu jino refu la juu linapoingia. Kila mtu aliyelelewa Kenya anajua tulivyoishinda hekima hiyo: ncha ya kalamu ya biro katika tundu la juu, kisha meno mawili ya kigeni yasukumwe chini. Adapta za bei nafuu hufanya kazi hiyo hiyo kwa adabu zaidi. Hubadilisha umbo la meno. Hazibadilishi volti hata moja. Kutoingia kwa plagi kulikuwa onyo la mwisho ambalo kifaa kingeweza kutoa, na adapta huondoa onyo hilo kwa bei ya soda chache.

Lakini kwa nini kijana aliyesoma hadi kidato cha nne asishtuke? Nadhani jibu limo mfukoni mwake. Kizazi hiki kimelelewa na chaja za simu na tarakilishi, ambazo takriban zote zimeandikwa volti 100 hadi 240. Chaja hizo hukubali umeme wa Chicago, wa Tokyo na wa Kibirichia bila kulalamika. Kutokana nazo watu wamejifunza somo moja tu, kwamba chaja ni chaja. Watengenezaji wengi wa vifaa vya ufundi hawakufuata njia hiyo. Chaja za keekee husukuma nguvu nyingi zaidi kuliko za simu, na kampuni huokoa gharama kwa kuunda chaja ya soko la Marekani na nyingine ya soko la Ulaya, sura ikiwa moja na matumbo mbalimbali. Anayezitazama kwa nje hawezi kuzitofautisha ila kwa kusoma kibandiko.

Sasa tuifungue. Fundi wa Kibirichia alihitaji bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, maana skurubu hizo zimetengenezwa makusudi zisifunguliwe na kila mtu. Kabla ya kugusa chochote, aliweka balbu ndogo yenye nyaya mbili kati ya miguu ya kapasita kubwa ili kumaliza umeme uliohifadhiwa humo. Hili nalisisitiza kwa wanaojaribu kazi hii nyumbani. Kapasita hiyo huweza kubakia na mamia ya volti hata plagi ikiwa mkononi mwako, na imewahi kuwatupa chini watu wenye ujuzi kuliko wewe na mimi.

Hesabu ya kilichotokea ni rahisi. Umeme wa ukutani hupanda na kushuka, na kilele chake ni takriban mara 1.4 ya kiwango kinachotajwa. Volti 120 za Marekani zikigeuzwa na dayodi kuwa umeme wa moja kwa moja hufikia takriban volti 170, na kwa hiyo mtengenezaji huweka kapasita ya kuhimili volti 200. Volti 240 zetu hufikia takriban 340. Kapasita ya 200 ikipewa 340 huchemka, huvimba na hatimaye hupasuka kifuniko. Ule mlio na harufu vilitoka hapo, au kwa jirani yake anayeitwa varista.

Varista ni kidonge bapa, mara nyingi cha rangi ya buluu, kilicholehemiwa karibu na mahali waya wa ukutani unapoingia. Kazi yake ni ya askari wa lango. Volti zikiwa za kawaida hunyamaza. Zikizidi mno, hufungua njia ya mkato, hujiangamiza na kuifanya fyuzi ikatike kabla madhara hayajafika ndani. Fundi hodari husoma maiti hizi mbili kama daktari. Fyuzi ya kioo iliyogeuka nyeusi humwambia kwamba mkondo mkubwa ulipita kwa ghafla, hivyo asiweke nyingine kabla ya kumtafuta aliyeuvuta. Fyuzi yenye kioo safi na uzi uliokatika tu humwambia kwamba mzigo ulizidi kidogo. Varista ikiwa imepasuka na vilivyobaki vikipimwa na kuonekana vizima, chaja ina bahati. Ikiwa dayodi nne zimeshikana, transista kubwa imetoboka na kidude kinachoiongoza kimeungua, basi ukarabati huwa mrefu na huenda usifaulu, kwa kuwa mara nyingine namba ya kidude hicho imekwaruzwa kiwandani isisomeke.

Chaja ya mpwa wangu ilikuwa katikati. Askari alikufa kazini, fyuzi ikakatika, kapasita ikavimba, lakini dayodi na transista zilipimwa zikawa nzima. Vipuri vitatu. Viwili vilipatikana Meru mjini na cha tatu kikatolewa katika runinga iliyokufa. Fundi alipomaliza hakuichomeka ukutani moja kwa moja. Aliipitishia kwanza kwenye balbu ya zamani ya uzi, iliyounganishwa kwa mfuatano, ili kama kungekuwa na njia ya mkato iliyobaki, balbu iwake na chaja isalimike.

Hapo ndipo swali la maana lilipojitokeza. Je, tumefanya nini hasa? Tumeirudisha chaja ya volti 120 kuwa chaja nzima ya volti 120. Ikirudi kwenye ukuta wa karakana itapasuka tena. Wengi hulipia ukarabati mara mbili kwa sababu hakuna aliyewaeleza jambo hili, na wengine humlaumu fundi kwamba kazi yake ilikuwa duni.

Zipo njia tatu za kutoka hapo, na hazilingani. Ya kwanza ni transfoma ya kushusha volti kutoka 240 hadi 110, ambayo huuzwa katika maduka ya vifaa vya stima. Iwe na nguvu ya kutosha: chaja iliyoandikwa volti 120 na ampea 1.8 hudai takriban wati 216, hivyo transfoma ya wati 300 au zaidi inafaa, na ile ndogo ya wati 50 itaungua. Aidha, mnunuzi ajihadhari na vigeuzi vyepesi vinavyouzwa kwa wasafiri kwa ajili ya pasi na vikausha nywele. Hivyo hukatakata umeme badala ya kuushusha kwa utaratibu, na vifaa vya kielektroniki havivivumilii.

Njia ya pili ni kuibadilisha chaja iwe ya volti 240 kwa kuweka kapasita ya volti 400, varista ya kiwango cha juu na transista yenye kuhimili zaidi. Mafundi wengine hujaribu, na mara nyingine hufaulu, kwa sababu katika baadhi ya chaja ubao wa masoko yote mawili ni mmoja na tofauti ni vipuri vichache tu. Bila mchoro wa mtengenezaji, hata hivyo, huo ni mchezo wa pata potea. Transfoma ndogo ya ndani ilisukwa kwa kuzingatia kiwango fulani, na nafasi tupu iliyoachwa kati ya upande wa ukutani na upande wa betri ndiyo inayomlinda mtumiaji asishike stima kupitia betri mkononi. Fundi akiiziba nafasi hiyo kwa lehemu au kwa kipande cha waya, anarudisha chaja inayofanya kazi na inayoweza kuua.

Njia ya tatu ndiyo nyepesi kuliko zote, na haijulikani sana. Betri yenyewe mara nyingi ni ile ile dunia nzima. Kampuni ya DeWalt, kwa mfano, huuza Marekani betri iliyoandikwa volti 20 na Ulaya betri iliyoandikwa volti 18, ilhali ndani mna mfuatano wa seli tano za lithiamu kwa zote mbili. Wamarekani wametaja volti za betri iliyojaa pomoni na Wazungu wametaja za kawaida. Kwa hiyo mwenye betri ya Marekani anaweza kununua chaja ya kampuni hiyo hiyo iliyotengenezwa kwa volti 230 na kuendelea na kazi. Shida ni kuipata. Ukiwa Kibirichia, chaja moja bila keekee yake ni bidhaa ya kuagizwa Nairobi, na aghalabu muuzaji atakushauri ununue seti nzima.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili ambalo nalo lafaa kutajwa, kwa sababu Kibirichia ni nchi ya viazi. Wakulima wanaopambana na bakajani chelewa sasa hubeba mgongoni pampu za kunyunyizia dawa zinazotumia betri, nyingi zikiwa na betri ya asidi ya volti 12. Chaja yake ikipotea au ikifa, mtu huokota chaja yoyote ambayo ncha yake inaingia. Ya tarakilishi hutoa takriban volti 19. Ncha inaingia vizuri, taa inawaka, na betri huchemka polepole hadi ivimbe. Kosa hapa liko upande wa kutokea umeme, si upande wa ukutani. Kwa betri ya asidi hasara ni betri. Kwa betri ya lithiamu hasara huweza kuwa nyumba.

Sasa nigeukie sheria, ambako kimya ni kirefu. Sheria ya Kawi ya 2019 ilitambua kwamba mteja anaweza kudai fidia ya hasara iliyosababishwa na umeme mbovu. Hilo humfaa ambaye waya wa nyutro umekatika mlingotini na nyumba yake ikapokea volti zinazokaribia 415 za kati ya fezi mbili, jambo linalotokea na kuunguza friji na runinga kwa mkupuo. Halimfai mpwa wangu. Umeme aliopewa ulikuwa sahihi. Chaja ndiyo iliyokuwa ya kwingine.

Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) limekuwa na mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini tangu 2005. Mpango huo uliundwa kwa ajili ya mizigo ya wafanyabiashara, si kwa pipa la shangazi. Nayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, pamoja na kanuni zake za 2024, imemtwika mtengenezaji au mwagizaji wajibu wa kugharamia bidhaa yake hadi inapokuwa taka. Wazo ni zuri. Lakini ni nani mwagizaji wa keekee iliyokuja na nguo za mitumba za familia? Kisheria ni shangazi. Hakuna atakayemtafuta, na sitaki atafutwe.

Zaidi ya hayo, sheria hiyo huanza kuiangalia chaja ikiwa tayari ni taka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mnamo 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 pekee zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Takwimu hizo hunukuliwa sana katika warsha. Katoni iliyo chini ya meza ya fundi wa Kibirichia haimo upande wowote wa hesabu hiyo, kwa sababu yeye haiiti taka. Anaiita akiba ya vipuri.

Wenzetu wameanza kusogea. Sheria ya California iliyoanza kutumika Julai 1, 2024 inawataka watengenezaji wa vifaa vingi vya kielektroniki watoe vipuri, zana na maelezo ya ukarabati kwa mafundi wa nje na hata kwa mmiliki mwenyewe. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo wake kuhusu ukarabati mwezi Juni 2024 na kuzipa nchi wanachama hadi Julai 31, 2026 kuutekeleza. Ukiisoma orodha ya bidhaa zinazohusika utakuta mashine za kufulia, friji, simu, na hata mitambo ya kuchomelea vyuma. Keekee na chaja zake hazimo. Hata huko, basi, seremala hakuwa mbele ya foleni.

Kenya haina sheria ya namna hiyo. Ina, hata hivyo, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi bidhaa kikamilifu. Kwa maoni yangu, maneno hayo yangetosha kuwa msingi wa kudai mambo mawili. Kwanza, kwamba yeyote anayeuza adapta ya plagi humu nchini aandike juu yake, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, kwamba haibadilishi volti. Hilo lingegharimu wino tu, na KEBS inaweza kuliagiza bila kusubiri Bunge. Pili, kwamba kampuni inayouza keekee hapa iwe na chaja ya peke yake dukani, na mchoro wake kwa fundi anayeuomba.

La pili litapingwa. Kampuni zitasema kwamba fundi asiye na mafunzo akipewa mchoro wa chaja ya lithiamu atachoma nyumba za watu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na nimekwisha kutaja hapa hatari zenyewe. Lakini fundi anaifungua chaja hiyo leo bila mchoro. Swali lililopo ni kama aifungue akijua au akibahatisha. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) ina mitihani ya kazi za mikono ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifanya bila kupitia chuo kikuu, na si vigumu kufikiria mchoro ukitolewa kwa mwenye cheti cha mtihani huo. Anayekataa utaratibu huo kwa kisingizio cha usalama inafaa aeleze ni usalama gani uliopo sasa.

Stima ilifikishwa katika vijiji vingi vya nchi hii kupitia mpango wa Last Mile ulioanza mwaka wa 2015. Serikali ilihesabu nguzo, mita na nyumba zilizounganishwa. Karakana hazikuhesabiwa, wala hakukuwa na mtu wa kuwaeleza waliounganishwa jinsi ya kusoma kibandiko cha nyuma ya chaja: neno linaloelezea umeme unaoingia, namba ya volti inayolifuata, na kama baada ya namba hiyo kuna nyingine ya 240 au hakuna. Ni somo la dakika tano. Lingeweza kutolewa barazani na chifu, au kubandikwa katika ofisi zinazouza mita.

Chaja ya mpwa wangu inafanya kazi. Imekaa juu ya transfoma ya mkopo, nzito kama tofali, iliyoazimwa kutoka kwa mwenye duka la kurekebisha redio, na kwenye waya wake fundi amefunga utepe mwekundu ulioandikwa kwa kalamu ya wino "USIGUSE UKUTA". Betri ya kwanza ilijaa jioni ile. Transfoma inatakiwa kurudishwa mwisho wa mwezi.